Rubani Aliyesukwa Twende Kilioni

Wa rika langu, mnaikumbuka ndege ya daktari? Kwetu Singida ilitua kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya misheni, na wenye kiwanja tulikuwa sisi watoto. Tukisikia mngurumo wake kule mbali, tunatupa ndoo, tunatupa kuni, mbio! Kazi yetu ilikuwa kuswaga mbuzi na punda watoke njiani ndege ishuke salama. Miguu peku, mbigili zinachoma, vumbi mpaka kwenye meno, na raha yake sina maneno ya kuieleza. Ikitupita kichwani tunapayuka wote: "Ndege weee, niletee gauni! Ndege weee, niletee mkate!" Rubani, Mzungu wa miwani myeusi, hakusikia hata siku moja. Mimi niliagiza viatu utoto wangu wote. Sikuletewa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusukwa. Mama alinibana kichwa katikati ya magoti yake, mafuta ya alizeti yananitiririka shingoni, akanisuka twende kilioni: ile mistari ya moja kwa moja kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ambayo wanawake husukana harakaharaka kukitokea msiba. Mimi macho juu, nasikilizia ndege.

"We Asteria, tuliza kichwa! Hiyo ndege imembeba mama yako?" Kitana kinatua utosini, ko!

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtoto mweusi, tena wa kike, anaweza kukaa kwenye kile kiti cha mbele. Nami sikuuliza. Niliishia darasa la nne, nikaolewa.

Sasa naishi kwa binti yangu hapa Toronto, kwenye maghorofa ya Flemingdon Park. Vijana wa leo hata ndege ipite juu ya pua zao hawainui shingo, wamezama kwenye simu. Isipokuwa mjukuu wangu Neema. Walikuja marubani weusi kanisani kwetu, wanawake kwa wanaume, wakasema wanataka watoto wetu wapande ndege ndogo waonje kuruka. Neema akaonja, akanogewa, akaanza kusomea. Akafika mpaka pale ambapo mwalimu anashuka na mwanafunzi anapaa peke yake.

Ikiwa imebaki wiki moja kabla ya hiyo siku, akaingia ndani, akabwaga begi.

"Bibi, naacha."

"Unaacha nini, mke mwenzangu? Kula?"

"Kuruka. Sisikii redio. Mwalimu anarudia kila kitu, wenzangu wananicheka. Wao wanasikia vizuri tu. Labda hivi vitu si vya watu kama sisi."

Neno hilo lilinichoma kuliko mbigili. Nikamwambia avae hizo hedifoni zake za kusikilizia redio nione. Jamani! Zilikaa juu ya ule mlima wa rasta kama kuku aliyeatamia mawe. Pale masikioni kidole changu kilipita. Mngurumo wote wa injini unaingia humo, atasikia nini?

"Masikio yako mazima," nikamwambia. "Waliotengeneza hizi hawakukiwaza kichwa chetu. Kaa chini."

Alinuna kufumuliwa rasta, maana alizipenda. Nikambana katikati ya magoti, nikaanza mstari wa kwanza, mwembamba, umelala kabisa.

"Mtindo huu unaitwaje, Bibi?"

"Twende kilioni."

"Bibi! Mimi naenda kuruka peke yangu!"

"Tuliza kichwa. Atakayelia ni mama yako, na atalia kwa furaha."

Siku ilipofika tulisimama nje ya uzio wa kiwanja. Neema akapaa na kandege kake kadogo. Mara naona bata bukini wanajikokota kwenye nyasi kando ya njia ya kutua ndege. Miguu yangu ikakumbuka yenyewe. "Shii! Tokeni hapo, mashetani nyie!" Binti yangu akanidaka koti. "Mama, kuna watu wa kazi hiyo!" Kweli, gari likaja likawafukuza.

Ninyi mlio na wajukuu, wapelekeni wakaonje kuruka. Wakisema kifaa hakiwaenei, kiangalieni kwanza hicho kifaa kabla hamjamlaumu mtoto.

Akazunguka, akaja anashuka, akatupita juu kabisa ya vichwa. Nikapayuka, bibi kizee mzima: "Ndege weee, niletee viatu!" Wazungu wakageuka. Ndege ikagusa chini, ikaruka kidogo kama mwanambuzi, ikatulia.

Zamani tulifukuza mbuzi ili mtoto wa watu atue. Leo aliyetua ni wa kwangu. Hata yeye hakunisikia nilivyoita. Hedifoni zilikuwa zimembana sawasawa.