Tumbo la Mtangazaji wa Afya

"Ndugu wasikilizaji, tumbo ni serikali: likigoma, nchi nzima hailali!" Ndivyo anavyofungua kipindi mtangazaji wa afya, kwa sauti nzito ya kusomea hukumu. Anawahimiza watu wanywe maji, wale mboga na matunda, watembee, na haja ikiwashika wasiibane hata kidogo. Huku chini ya meza amepachika mguu juu ya mguu, na kiganja kinalipapasa tumbo taratibu kama anayebembeleza mtoto wa watu. Choo cha redio kimepakana na studio, ukuta wenyewe ni ubao mwembamba, na fundi mitambo ana masikio ya popo na mdomo wa kasuku. Basi mtangazaji hujibana mpaka arudi nyumbani. Akifika, tumbo limeshanuna, halitaki mazungumzo. Maji hanywi, asije akajitafutia balaa. "Mganga hajigangi," hujiambia, "lakini mimi nimezidi."

Leo haja imemjia katikati ya kipindi, wala haikubisha hodi. Jasho linamtiririka, na ile sauti ya hakimu imegeuka ya mshtakiwa. Ndipo bibi mmoja anapiga simu.

"Mwanangu, nimefuata yote uliyosema, na sasa kila asubuhi mambo yananyooka. Mungu akubariki! Hebu tuambie, na wewe mwenyewe je, unapata choo vizuri?"

Fundi mitambo anainua macho. Mtangazaji ameshasimama, mkono mmoja uko kwenye mkanda wa suruali.

"Bibi," anasema, "ngoja kwanza tuweke wimbo. Mrefu, wenye ngoma nyingi."