Philomène Alipimwa Amelala

Watu wa mtaa wetu wa Mapendo wananijua. Mimi Zéphirin, fundi wa nguo, siko mutu wa kusifu ovyo. Mwanafunzi wangu akishona kombo, ninafumua mbele ya wateja. Lakini kwa Alliance Uwizeye nimefunga mudomo, na nikiufungua ni kwa kumushukuru tu.

Alliance ni infirmière, muuguzi wa wagonjwa mahututi. Alikulia Mugunga, mutoto wa watu waliokimbia vita ya Masisi. Mama yake aliuza makala, mukaa wa kupikia, kwenye barabara ya Sake, na makala yale ndiyo yalimulipia masomo. Alliance mwenyewe ni mwembamba, maneno machache, na simu yake anaivalisha sachet ya plastiki, anaibana na elastike. Mwanzoni nilidhani anaogopa vumbi. Kumbe anaishika karibu na wagonjwa, halafu anapangusa ile plastiki kwa alcool. Ndani ya simu kuna kitabu kizima cha kazi yake: dawa, vipimo, mashine ya kupumulia. Hakitaki hata connexion ya internet. Reseau ikikatika mji muzima, chenyewe kinafunguka.

Mwezi wa nne, muke wangu Philomène alishikwa na pneumonie, homa ya mapafu. Tulifika hospitali mbio, wakamuwekea mupira wa hewa kooni, mashine ikaanza kumupumulia, hewa yenyewe wamekadiria kwa macho. Na Philomène ni mufupi na munene. Mimi mwenyewe humutania kwamba kitambaa chake ninakinunua kwa upana. Asubuhi mashine ikaanza kulia. Alliance alinieleza bila kunificha: hewa inaingia nyingi, mapafu yanaweza kupasuka, lakini tukipunguza ovyo, pumzi haitamutosha. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mutu mwingine. Alituma neno kwamba wachukue urefu, wafanye hesabu, wamwite.

Alliance akafungua simu. "Papa Zéphirin, mama ana urefu gani?"

"Weka kilo zake, hizo ninazijua."

"Kilo hapana, papa. Mutu akinenepa, mapafu hayanenepi naye. Hapa wanaomba urefu." Akaangalia shingo yangu. Metre yangu ya kushonea ilikuwa pale, maana huwa ninaisahau shingoni hata kanisani. "Leta hiyo. Shika upande wa kichwa."

Tukanyoosha metre juu ya kitanda. Wakati ule ule akaingia mama mukwe wangu, Mukamurenzi, ametoka Rutshuru na thermos ya uji. Sasa, kwetu mutu aliyelala hapimwi. Anayemupima ni fundi mbao, na anachoenda kutengeneza kila mutu anakijua. Thermos ikaanguka. Mama akajitupa juu ya miguu ya binti yake.

"Mumuache!" akapiga kelele. "Bado ana joto. Nani amewatuma mutafute sanduku?"

Mutu hagombani na mama mukwe wake, wala hamuvuti mukono. Nikabaki nimeshika metre kama mwizi, mashine inalia, na mimi ninalia. Niseme ukweli: kumuona Philomène chini ya ile metre, moyo wangu pia ulishaenda kwa fundi mbao.

Alliance hakumusukuma mutu. Alipiga magoti, akashika mukono wa mama, akauweka juu ya kifua cha Philomène.

"Mama, mutu wa sanduku hapimiwi pumzi. Mimi ninamupimia pumzi yake. Sikia kifua kinavyopanda kwa nguvu. Ndiyo shida yetu. Unisaidie, shika kisigino, usikiachilie."

Yule mama akashika kisigino. Metre moja na nusu, haizidi. Alliance akaandika ndani ya simu, akasoma jibu, akamupigia daktari. Daktari akakubali, na Alliance akapunguza hewa kidogo kidogo, jicho moja kwenye simu, lingine kwenye kifua. Mashine ikanyamaza. Kifua kikaanza kupanda taratibu, namna Philomène anavyolala nyumbani. Mama mukwe alikuwa bado ameshika kisigino.

Ilichukua muda, lakini mupira ulitoka. Alliance nilimushonea blouse ya kazi, na mufuko wa kifuani niliukata kwa kipimo cha ile simu pamoja na plastiki yake. Ninamushukuru. Ninawashukuru pia wale watu nisiowajua walioandika kile kitabu, wakafikiri kwamba siku moja mutu atakihitaji pasipo connexion, huku mama mukwe anapiga kelele. Mungu awakumbuke.

Siku ya kurudi nyumbani, mama mukwe alinizuia mulangoni.

"Hiyo metre haiingii. Imepima binti yangu amelala."

Nilitaka kukasirika, maana ile metre ndiyo inatulisha. Lakini mama hakuwa amemaliza. Alimushika Philomène kiunoni, akamusimamisha uwanjani, akamuachilia.

"Haya, mukwe. Mupime amesimama."

Nikapiga magoti kwenye kisigino. Philomène akashika ncha ya metre mwenyewe, juu ya kichwa.

"Soma kwa sauti," mama akasema.

Namba niliziona, halafu sikuziona tena, macho yalijaa.

"Soma, Papa Zéphirin," Philomène akasema juu yangu. "Miguu inachoka."