Fundo la Sadalla Mpiga Chuku

Sadalla alikuwa mpiga chuku wa Kariakoo, na ujinga wake ulilishinda tumbo lake kwa ukubwa. Miaka ile ya Waingereza alikaa barazani karibu na soko, pembe zake za ng'ombe za kufyonzea damu kazipanga mkekani, akiwafundisha watu kwamba damu haina akili, huenda inakoitwa na pembe. Watu wazima wenye ndevu walitikisa vichwa wakakubali. Debe tupu haliachi kuvuma.

Dada yangu Waridi, muuza vitumbua, alikanyaga msumari, mguu ukavimba. Sadalla akamfunga kamba chini ya goti, eti damu mbovu isipande, akaonya kwamba fundo la mpiga chuku halifunguliwi na mwingine. Atakayelifungua, ugonjwa utamhamia. Kisha akaenda zake Buguruni kula pilau ya harusi.

Tukakaa kama mazuzu. Kufika adhuhuri mguu ulikuwa wa baridi, vidole vimepata rangi ya jivu, na Waridi hasikii tena nikimfinya. Mimi ni fundi viatu. Kisu cha kukatia ngozi nilikuwa nacho kiunoni. Nikaona afadhali nikimbilie kwa Daktari Vasant, Mhindi wa mtaa wa pili.

Alikuja na mkasi, akakata kamba bila kuuliza ni ya nani. Punde mguu ukawaka wekundu, nami nikadhani amemmaliza. Akanieleza kwamba ndani ya nyama mna vimishipa vyembamba kuliko unywele, vimekumbatiwa na chembe ndogo mno. Zikikaza, damu hupungua, zikilegea, hupita. Nyama ikinyimwa damu, yenyewe huzilegeza, vimishipa vikafunguka vyote pamoja.

"Mguu unaijua njaa yake, haungoji pembe," alisema. "Ila mngechelewa zaidi, ningekuja na msumeno."

Daktari ndiyo kwanza ametoka, Sadalla akaingia, ndevu zinang'aa mafuta. Alipouona ule wekundu akajigamba kwamba fundo lake limeiita damu, na majirani, wapumbavu wale, wakamshukuru. Ndipo akaiona kamba imekatwa. Akauliza nani kathubutu.

Waridi alinitazama, akingoja niseme mguu wake uliponea wapi. Maneno ya kumuumbua yule mzee mbele ya mtaa mzima nilikuwa nayo tayari.

"Si mimi, mzee wangu," nilisema. "Ni yule Mhindi."