Siku Mama Mkwe Alipokula Sushi Ngokolo

Mwaka niliochumbiwa nilikuwa nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja mjini Shinyanga, nimepanga chumba Ngokolo. Chumba cha pili katika ua uleule alipanga mwalimu wetu wa hesabu, msichana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kwa miaka miwili. Tulikuwa na umri mmoja, jiko moja la mkaa, na ugonjwa mmoja wa kucheka. Tukishikwa na kicheko kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule alikuwa anaweka kalamu chini, anasubiri tumalize, kisha anaendelea na ajenda.

Jioni moja, tukichambua mchele, alinisimulia habari za kijihoteli cha kwao Osaka alikokuwa anakula enzi za chuo. Si cha matajiri, alisema. Ni chumba chembamba kilichobanwa kati ya fundi baiskeli na kinyozi, viti vinane vimepangwa mbele ya ubao mrefu, mpishi amesimama ng'ambo ya ubao. Huagizi kitu. Unakaa, unasema neno moja, omakase, maana yake nakuachia wewe, na kuanzia hapo mpishi ndiye anayejua utakula nini. Anafinyanga tonge dogo la wali, analaza kipande cha samaki juu yake, hiyo ndiyo sushi, anakuwekea. Unakula. Anakutazama, halafu anatengeneza jingine.

Sikuamini. Hata mama ntilie wa stendi anakuuliza wali au ugali. Nikamuuliza, ukiletewa usichokipenda je? Akasema unakula, halafu unagundua ulikuwa unakipenda siku zote. Lile neno nililiona kama jina la kijiji cha Bukoba, na kwa wiki nzima hatukulipumzisha. Nikimuuliza tupike nini, anajibu omakase. Akiniuliza avae gauni gani kanisani, najibu omakase, na wote wawili tunajilaza kwenye mkeka tumeshika mbavu.

Ndipo kikaja kifurushi kutoka kwa mama yake. Ndani kulikuwa na majani ya baharini yaliyokaushwa yakawa kama karatasi nyeusi, chupa ya sosi ya soya, na tyubu ndogo ya kitu cha kijani. Akatangaza kwamba Jumamosi ananifungulia hoteli yake hapahapa uani.

Mchele tulichagua mpya kabisa, ule ambao watu wanaukwepa kwa sababu unashikana. Yeye alitaka ushikane. Samaki walitoka Mwanza kwenye barafu, lakini alisema samaki wa ziwani haliwi mbichi, kwa hiyo wote watapita motoni. Siki tulinunua kwenye duka la familia moja ya Kihindu. Mama mwenye duka alishangaa watu wawili wanafanya nini na chupa tatu za siki. Tulipomweleza, akasema atakuja kuona kwa macho yake.

Jumamosi mchana tuling'oa mlango wa stoo uliokuwa umelegea bawaba, tukausugua kwa sabuni, tukaulaza juu ya masanduku mawili ya bati uwe ubao wa mpishi. Mama mwenye duka alikwishafika na kuketi. Nilikuwa nafuta benchi niliposikia hodi getini. Nikageuka, nikamwona mama wa mchumba wangu, na kikapu chake, na vumbi lote la barabara ya kutoka Kharumwa.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu kulekule Kharumwa, na mama yake nilikuwa nimemwona mara moja tu. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yake yakizunguka ua wote. Hakusema amefuata nini na hakukuwa na haja ya kusema. Alikuja kumkagua mkamwana wake: anaishije, anapika nini. Na mkamwana hakuwa amepika chochote. Alikuwa amelaza mlango juu ya masanduku.

Mwenzangu alitoka chumbani amejifunga khanga kichwani, akainama mbele yake, akamsalimu salamu ya mchana kwa Kisukuma, akimwita mama: "Mwadila, mayu." Mama akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, akaitikia, akaketi kwenye benchi kabla sijapata la kujieleza.

Mwenzangu aliposimama nyuma ya ule mlango, alibadilika. Yule wa kucheka alipotea, akaja mtu mwingine, mnyoofu, uso kama wa msimamizi wa mtihani. Hilo ndilo lililoniponza. Kicheko kilinipanda, nikang'ata upindo wa khanga yangu.

Alianza na yai tamu lililokunjwa tabaka tabaka juu ya tonge la wali wa siki. Mama mwenye duka akasema kwa upole kwamba yeye hali mayai wala samaki. Mpishi akaliondoa tonge lile, akaweka la karoti, na tangu hapo sahani ya mama yule ilikuja na vyake peke yake, tango, biringanya, ufuta, bila kuulizwa tena. Likafuata tonge lililovikwa jani jeusi. Mama mkwe alilipapasa kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii si karatasi ya kaboni, ile ya mashine za ofisini. Nikamwambia ni majani ya baharini. Akala. Kisha akasogeza sahani yake mbele kidogo.

Akaja sato aliyechomwa kwenye mkaa na kupakwa sosi yenye sukari. Kisha dagaa waliokaangwa wakakauka, wawili wawili juu ya kila tonge. Mama mkwe alipewa mara mbili mfululizo. Mimi nilipewa mara moja.

"Umejuaje kwamba napenda dagaa?" akamuuliza mpishi.

"Nilikuona ulivyoangalia bakuli, mayu."

Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona mabega yake yameshuka.

Kile kitu cha kijani kilikuwa kwenye kisahani, mpishi akikichota kwa ncha ya kijiti, kiasi cha kichwa cha pini, maana kilikuwa kikali kuliko pilipili. Mama mkwe alidhani ni mboga ya kusaga. Mpishi alipogeukia jiko, akakizoa chote kwa kidole na kukitia mdomoni.

Niliona ndoa yangu ikiondoka. Alishika mlango kwa mikono miwili, ukayumba juu ya masanduku. Macho yalimjaa machozi yakatiririka hadi kidevuni. Mama mwenye duka akasimama na glasi ya maji mkononi. Mpishi aligeuka akaona kisahani kitupu, uso wote ukamwiva.

Kisha mama akashusha pumzi ndefu.

"Mafua yangu," akasema, "nilikuwa nayo tangu Kahama. Yamekwisha."

Akacheka. Kicheko chembamba cha msichana, kisicholingana kabisa na ule mwili wake mkubwa. Mpishi ndiye aliyeshindwa wa kwanza, akachuchumaa nyuma ya mlango asionekane, tukamsikia tu. Mama mwenye duka alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye sari yake. Mimi nilitoka kwenye benchi nikakaa chini, mchangani, mbele ya mama mkwe wangu, nikalia kwa kicheko, na kila nilipojaribu kuomba radhi nilianza upya.

Tulikula mpaka wali ukaisha sufuriani. Mama alifundishwa kufinyanga tonge, na matonge yake yalikuwa makubwa kama ya ugali, akakataa kurekebishwa. Alilala kwangu siku ile. Asubuhi nilimpikia uji na viazi vitamu, akavimaliza, nikamsindikiza stendi.

Wiki mbili baadaye mchumba wangu aliniandikia barua. Alitaka kujua tumemfanya nini mama yake, kwa sababu amewakalisha mabinti zake kwenye benchi, hataki waseme wanataka kula nini, na anawapa dagaa mmoja mmoja. Mwishoni, kwa mwandiko mdogo, aliandika kwamba wazee wameamua kuleta posa kabla ya mavuno.