Mlango wa Banda Uliozidi Wepesi

Fundi Kesho alikuwa seremala hodari, na hilo hata wateja aliowazungusha hawakulikana. Jina alibandikwa na mkewe, kwa sababu kila akiombwa kitu cha nyumbani jibu lilikuwa moja tu: "Kesho, mama watoto." Milango ya watu aliipiga randa mpaka ikang'aa. Banda la kuku wa mkewe je? Mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani, na mlango wake ubao wa meza mbovu uliozuiwa kwa jiwe. Jamani, jiwe!

Kisha miguu ya mkewe ikagoma. Daktari hakuficha: ugonjwa ungepanda mpaka mikononi. Mama wa watu alivumilia kitanda, akavumilia kuogeshwa na binti yake kila siku, lakini kuku walimshinda. Tangu aolewe alikuwa akiwafungulia mwenyewe asubuhi huku akiwatania mmoja mmoja. Sasa aliwasikia tu wakifunguliwa na mtu mwingine. "Nimekuwa mzigo wa kugeuzwageuzwa," alisema, akalia.

Siku hiyo Fundi hakusema kesho. Aliacha kabati la mteja halina milango, akabeba mabaki ya mbao nyumbani. Aliinua sakafu ya banda itoke kwenye tope. Akaweka fito za kulalia, kingo zake akazilainisha kwa msasa zisiwaumize kuku miguu. Ndoo kuukuu za rangi akazilaza ubavu zikawa viota. Akazungusha uzio wa waya mpaka chini ya dirisha la chumbani. Mwisho akatengeneza mlango wa kupanda na kushuka, akaufunga kamba iliyopita juu kwenye kapi, kigurudumu cha kuvutia kamba, ikaingia dirishani hadi kitandani.

"Vuta," alimwambia.

Mkewe akavuta. Mlango ukapanda, kuku wakamwagika nje kwa vurugu, naye akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe unaijua kazi! Miaka yote hii ulikuwa unanificha?"

Ikawa ndiyo desturi yao. Fundi alilala kwenye kochi la sebuleni, maana kitandani akijigeuza tu mkewe aliumia. Alfajiri alitoka kuchomoa kabari aliyoupigilia mlango usiku kuzuia vicheche, akarudi jikoni kuchemsha chai, masikio nje. Akisikia kuku uani alitoka na pumba, akapita dirishani: "Leo umewahi!" Na mkewe alimjibu, "Wewe ndiye mvivu."

Asubuhi moja aliona kamba ikitetemeka na mlango umetulia tuli. Mchana, mkewe aliposinzia, aling'oa mbao za mlango akaweka fremu nyembamba yenye waya. Mkono ulipozidi kulegea, akapaka nta ya mshumaa kwenye mifereji ya pembeni ambamo mlango uliteleza. Halafu akaning'iniza kopo la mchanga upande wa pili liusaidie mlango kupanda, na kila mara akaongeza konzi moja ya mchanga. Yote kwa siri, mkewe asijue kwamba ni mlango unaopunguzwa uzito. Na Fundi alifurahi, maskini, kwa kuwa kila asubuhi kuku walitoka.

Siku ile walitoka mapema zaidi. "Leo umemshinda hata jogoo!" aliita dirishani. Kimya. Akadhani anacheka chinichini. Akamwaga pumba huku akimsimulia: yule wa madoadoa anataka kuatamia, mwingine kaanza ubabe. Alimaliza umbea wote ndipo akaingia na chai. Mkewe alikuwa ameshapoa, mikono yote miwili chini ya blanketi.

Kwa kila aliyekuja msibani Fundi alisema, "Asubuhi yake ya mwisho amewafungulia mwenyewe." Alilishikilia neno hilo kwa nguvu zote. Binti yake, aliyeugusa mwili na kujua ulikuwa baridi tangu usiku, alinyamaza.

Baada ya mazishi, alfajiri, Fundi alichomoa kabari kwa mazoea na safari hii akabaki amesimama palepale. Jogoo alisogea, akausukuma waya wa mlango kwa kifua. Mlango ukapanda wenyewe hadi juu. Mchanga ulikuwa umeuzidi mlango uzito.

Alimfuata binti yake jikoni. "Tangu lini mama yako alikuwa havuti kamba?"

Binti akaangua kilio. "Wiki nzima, baba. Vidole havikushika tena. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukimsifu dirishani sauti yako inakuwa na raha, hataki kukuvunja moyo."

Fundi alijiegemeza mlangoni, akakaa chini kwenye sakafu. Binti akapiga magoti kando yake.

"Angeniambia ningeingia ndani," alisema. "Wiki nzima nimekaa hapa jikoni nasikiliza kuku, na yeye yuko macho chumbani, peke yake. Tungekunywa hiyo chai pamoja, mwanangu. Tungekaa tu."