Mtumbwi Uliofudikizwa

Walisema nikijenga njia sitafika hata katikati ya tope. "Diploma haielei," walinicheka vijiweni mtaa wa Viwanja Sitini, miaka ile ya tisini niliporudi kutoka Dar. Mimi niliyejisomesha kwa kuuza samaki wakavu! Nilifika, na njia yangu ya mbao ipo mpaka leo, juu ya nguzo, inapeleka wageni wanaopenda kutembea hadi kisiwani kutazama ndege na sheshe, wale swala wa mabondeni. Lakini kilichonikuta kule ni kweli tupu, na hata wakwe zangu hawajawahi kukisikia kinywani mwangu.

Mbao tulizibeba kwa mitumbwi ya kuazima. Ulipungua mmoja. Kando ya mto palikuwa na mtumbwi umefudikizwa kichakani. Kwetu kila mtu anajua: ni wa marehemu, hauguswi mpaka matanga yaishe. Nilijua. Nikauchukua.

Jioni ya mwisho vibarua walitangulia kuondoka. Ukungu ulishuka. Nilikuwa napiga msumari niliposikia mtu nyuma yangu.

"Fundi, siku hizi hamsalimii?"

Mzee, upondo mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nivushe."

"Si upite juu, mzee? Njia hii hapa."

"Ya kwako hiyo. Chombo changu umekichukua."

Ndipo nikaona aliposimama. Niamini, pale nguzo zangu ndefu zilizama zote. Yeye tope lilimfika magotini.

Ungefanya nini? Mimi nilipiga magoti nikamwomba radhi, kisha nikarudi nyuma, nikatumbukia, nikajinasua na kutambaa juu ya mbao zangu mwenyewe. Vibarua walinikuta ng'ambo nikilia. "Fundi kawa mtoto mchanga," mmoja alisema, na hakuna aliyecheka. Hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo siipiti njia ile peke yangu, mimi niliyeijenga. Nawe ukikuta mtumbwi umelala kifudifudi, zunguka mbali, hata uwe na vyeti vya kujaza sanduku.

Alfajiri iliyofuata jioni ile nilirudisha mitumbwi, mmoja mmoja, kwa wenyewe. Wa mwisho, ule wa kichakani, niliupeleka kwa mjane wa marehemu. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ufudikize palepale. Jana jioni aliniambia utauleta, na kwamba utakuja pekupeku."

Nikatazama miguu yangu. Buti zilikuwa zimebaki topeni.