Programu ya Asali Iliyokataa Kuingia

Nikiri tu, nilimshuku Mama Kalunde, karani wa wafuga nyuki wa Inyonga. Niliwatengenezea programu ya simu ya kuandikia ndoo za asali, na kila nilipompigia kutoka Shanwe alijibu vilevile: "Inakataa kuingia, mwanangu." Kwenye simu yangu mpya iliingia bila shida. Nikajua huyu mama analilinda daftari lake, na pengine kuna ndoo zinapita pembeni.

Nikapanda basi hadi Inyonga, nikawaambia wanakikundi kuna mtu anahujumu kazi yangu. Mama Kalunde akanipa simu yake. Nikajaribu mwenyewe, ikakataa. Nikafungua kompyuta kutafuta ushahidi, nikakuta kosa langu: nilipoijenga programu niliacha mpangilio uliokuja wenyewe, unaokubali simu mpya tu.

Badala ya kukiri, nikakohoa. "Mama, tatizo ni hii simu. Imezeeka. Aliyekuuzia alikuibia."

Akaivua kava taratibu, nikauona ule ufa mgongoni, niliouziba mwenyewe kwa gundi.

"Haya, mwanangu," akasema, "waambie wenzangu ni nani aliniuzia."